Kisu Nilichotobolea Betri

Nyemo, mke mwenzangu,

Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili, nakusikia unafunga zipu ya begi na kuifungua tena, na kati yetu kuna ukuta wa udongo tu. Ningeweza kukuita. Lakini jana nilikuita, ukaja, nikakupiga mwiko wa shavu mbele ya wageni, ugali ukakunasa kwenye nywele. Kwa hiyo leo naandika. Mkono ulioshika kalamu angalau hauwezi kushika mwiko.

Usidhani nakuomba msamaha. Huko sijafika bado. Nataka kwanza ujue nilikupigia nini, maana wageni wameondoka wakisema bibi kazeeka, kachanganyikiwa, anampiga msomi anayekwenda Ulaya. Sijachanganyikiwa. Ulisimama pale na soda yako mkononi, ukawaambia watu, "Sirudi hapa mpaka nimetengeneza betri isiyoua mtu." Wakakupigia makofi. Mchungaji akasema amina. Mimi nikaona mjukuu niliyemlea tangu mama yake aolewe Singida anajizika mwenyewe mzima mzima, na watu wanashangilia. Ndipo mwiko ukaenda.

Mambo ya kuvaa sweta na kutojibizana na mwenye nyumba wameshakuambia mama zako wadogo wiki nzima, mpaka nimechoka kwa niaba yako. Mimi nitakuandikia habari za kisu. Nusu unaijua, ulikuwepo. Nusu nyingine unadhani unaijua.

Nililetwa hapa kutoka Gulwe nikiwa bibi harusi, mwembamba, nina darasa la nne na mdomo mrefu. Mvua za kwanza hizo hizo, dume la baba mkwe likala majani mabichi ya kunde yakiwa na umande, likavimba. Wewe umewaona ng'ombe waliovimba: tumbo linapanda upande mmoja mpaka linapita mgongo, limekaza, ukiligonga linalia, na mnyama anatoa ulimi. Wanaume wakalizunguka. Huyu anasema linyweshwe mafuta, yule anasema likimbizwe. Baba mkwe machozi yanamtoka, kwa sababu ya ng'ombe, na mke wake alipozikwa hakulia. Nikaingia jikoni nikatoka na kisu. Nilikuwa nimemwona baba yangu akifanya. Kushoto, kwenye kile kishimo kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, nikachoma mpaka mpini.

Hewa ilitoka kama tairi la lori limepasuka. Povu la kijani likanipiga usoni, likaingia mdomoni. Dume likatetemeka, likajamba, likasimama likaanza kula.

Usiku ule babu yako alinipiga na fimbo ya kuchungia kwa sababu nimewaaibisha wanaume. Nami nikamng'ata. Lile sikio lake lililopungua, mliloambiwa na yeye mwenyewe kwamba aling'atwa na mbwa akiwa mdogo, mbwa ni mimi. Hakunigusa tena mpaka anakufa, na ng'ombe akivimba kokote, mpaka kule Zuzu, walikuja kunichukua. Hawakuita bwana mifugo, walikuja kumchukua mke wa mwenye sikio moja. Wote niliowatoboa walisimama. Kosa langu lilianzia huko, Nyemo, halikuanzia kwenye betri. Nilipatia mara nyingi mno, mkono ukaacha kuuliza.

Sasa ulipokuwa chuoni ukatuletea ile betri. Ilikuwa ya pikipiki ya umeme iliyokufa, fundi wa mjini kaichambua akaisuka upya na kuizungushia utepe wa gundi. Mjomba wako Lameck akaiunganisha na sola. Unakumbuka alivyofurahi. Alikuwa anawasha taa mchana tu ili aizime. Alifunga balbu mpaka kwa vitoto vya mbuzi, nikamuuliza, "Wanasoma nini hao?" akasema, "Mama, waache, nao wamezaliwa zama hizi." Mkewe, Mama Neema, akaanza kusuka ukili wa mikeka usiku. Na wewe ulitupanga mstari kama watoto wa shule ukatuambia: isikae juani, isichokonolewe, ikivimba isiguswe, mnipigie simu. Ulisema vizuri. Nilikusikia. Naandika hapa kwa mkono wangu kwamba nilikusikia, ili usije ukamwambia mtu huko kwamba hukutuelekeza.

Ikaja joto la kabla ya mvua, lile la kupasua midomo. Asubuhi Lameck akaniita. Betri imevimba. Imetoka tumbo upande mmoja, imekaza, utepe umeanza kuchanika.

"Mama, Nyemo alisema apigiwe."

"Mpigie."

Akapiga. Hupatikani. Ulikuwa kwenye mtihani.

"Basi tusubiri, Mama, akitoka atatuambia."

"Kitu kimevimba hivi kinasubiriwa? Ukisubiri kinakufa, halafu mkeo asuke gizani."

"Mama, hii si ng'ombe."

"Na wewe si bwana mifugo. Sogea."

Nikakitoa kisu kile kile. Nikaweka kiganja juu yake, ina homa. Na nikatafuta ubavu wake wa kushoto, Nyemo. Nilikigeuza kile kidude huku na huku, natafuta upande wa kushoto wa betri.

Haikutoa hewa. Ilizomea kama kikaango cha mafuta kilichomwagiwa maji, ukaja moshi mweupe unaokaba koo, na nyuma ya moshi moto, na si moto wa kuni unaopanda taratibu. Ulikuwa unatoka kwa kusukumwa, kama kuna mtu ndani amekasirika. Ulinila nyusi na mkono huu unaouona. Lameck alinivuta kwa kanga mpaka nje, nikaanguka kwenye mavi ya mbuzi. Nikainuka nikachukua ndoo, nikamwaga maji yote, na kile kidude kikatema cheche mpaka darini. Boriti za tembe zilikuwa kavu miaka mingi. Na vitoto vya mbuzi vimefungwa mle ndani, vinalia kama watu.

Nilimwambia Lameck acha. Nataka ulijue hilo pia. Nilimshika shati, likachanika, akaingia na mgongo wazi. Alirusha kitoto kimoja, akarusha cha pili, na paa lote la udongo likashuka.

Majirani walimfukua kwa majembe. Jembe moja lilitoka na ngozi yake. Wewe hukuona hayo, ulifika jioni akiwa ameshapelekwa hospitali, na nimewakataza watu wote wasikuhadithie. Nakuhadithia mimi leo, kwa sababu naona huko unakokwenda utayaota mabaya zaidi ya haya kama huyajui. Alitoka anaongea. Alilala pale chini, amekuwa rangi mbili, akaniuliza, "Mama, ulitoboa upande gani?"

Nikasema, "Kushoto."

Akasema, "Ungejaribu kulia."

Akacheka, na kucheka kukamuumiza. Mvua haikumkuta.

Ya matanga unayajua kwa upande wako. Sikia ya upande wangu. Vijana wa rika lake walikwenda mjini wakamtoa yule fundi kibandani kwake, wakamleta kwenye pikipiki amefungwa mikono kwa nyaya zake mwenyewe. Damu inamtoka puani. Mmoja amevaa tairi begani kama mkoba, mwingine kashika chupa ya petroli. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Nikawaona wanakuja. Nilifurahi. Moyo wangu ulipoa mara ya kwanza tangu mwanangu afe. Nilitaka nimsikie akilia kama vile vitoto vya mbuzi. Nilijua nani katoboa, na bado nilitaka huyu aungue, ili kuwe na mwingine.

Ni wewe uliyetoka katikati. Ulipiga kelele, "Betri niliileta mimi, nichomeni mimi," ukamlalia yule mtu. Jiwe likaruka likakupasua juu ya jicho. Nilipoiona damu yako ndipo nilipoinuka. Niliwapiga kwa mchi, nikamvunja yule wa petroli mkono, mama yake hanisalimii mpaka leo, na nikawaambia waliokuwa hawajui na waliokuwa wanajua: "Nimetoboa mimi. Anayetaka kuchoma mtu, tairi lilete hapa, shingo yangu hii." Bibi kizee hakuna anayemchoma. Wakaondoka wakitukana.

Ulifika kwa huyo mtu kabla yangu, Nyemo. Sijawahi kukuambia asante. Hapa nimeandika, usiniulize tena.

Basi ukaanza haya masomo yako ya betri, na kila likizo unanieleza, nami najifanya sisikilizi huku nachambua mlenda. Nilisikiliza. Ulisema ndani ya betri ile mlikuwa na maji yanayowaka kama petroli, na chembe za lithiamu huvuka ndani ya maji hayo, zinakwenda ukichaji, zinarudi ukiwasha taa. Ulisema nyie mnataka kuyamwaga maji hayo kabisa, muweke utando mkavu wa plastiki, polima, chembe zipite humo humo. Na upande mmoja muweke lithiamu tupu, chuma chenyewe, kwa kuwa inabeba umeme mwingi. Na shida yake ni kwamba chuma hicho kinaota miiba. Kila ukichaji kinaota kidogo, kinachoma utando kidogo, siku moja kinatokea upande wa pili, na moto ni ule ule.

Ulinieleza hivyo ukiwa umenikalia karibu sana, unaniangalia usoni. Nikajua unataka nini. Ulitaka niseme, kumbe hata bila kisu ingeweza kujitoboa yenyewe. Sikusema, na sisemi. Usinitafutie pa kujificha. Hii yangu nilitoboa mimi, kwa kisu, mchana kweupe.

Siku ile ulipoleta ule utando wa kwanza uliomimina mwenyewe kwenye maabara, ndani ya kikaratasi, ulikuwa unaubeba kama sakramenti. Nikaushika. Nikasema, "Hii ni ngozi ya uji."

"Bibi, usiuvute."

"Nikiuvuta?"

"Utachanika."

"Sasa huu utazuia mwiba gani?"

Ukakaa chini ukanieleza kwa uchungu. Ukiufanya mgumu wa kuzuia mwiba, chembe hazipiti. Ukiufanya laini chembe zipite, mwiba unapita nao. Tena hata huo laini unafanya kazi ukipata joto, ukiwa wa baridi unalala. Nikakuambia uje uufanyie kazi hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja, hautalala. Ukacheka mpaka ukaangusha ungo. Ukasema wenye magari ya umeme wanakaa kwenye theluji. Nami nikakushauri uchanganye na kitu, kama sisi tunavyotia samadi na nyasi kwenye udongo wa ukuta usipasuke. Nilijiona nimekufunza jambo. Ukasema, "Bibi, hilo walishalifikiria kabla sijazaliwa. Wanatia unga wa vigae. Shida ni unga unajikusanya mahali pamoja." Basi nikarudi kwenye mlenda wangu.

Lakini neno moja nilililamba nikalihifadhi. Kabla sijazaliwa. Watu wenye maabara za kila namna, wanaume kwa wanawake, wamekuwa wanausumbua huu utando tangu mama yako ananyonya, na bado unalala ukipata baridi. Halafu wewe unasimama mbele ya mchungaji na soda unaapa hurudi mpaka umewezekana. Ukifa haujawezekana, nani atakuleta? Nikifa mimi, utakuja kunizika au utakuwa unasubiri plastiki ikauke?

Viapo navijua. Ndiyo ile nusu usiyoijua.

Baada ya kumzika Lameck nilikitupa kisu chooni. Halafu nikakiopoa, nikakiosha, nikakifunga kwenye kitambaa nikakichomeka darini, nikaapa sitoboi tena kitu chochote chenye pumzi wala kisicho nayo. Watu wakaniheshimu kwa hilo. Walisema mama wa watu, amejifunza. Nami nikalipenda lile neno, amejifunza, nikatembea nalo kanisani kama kitenge kipya.

Mwaka jana, wewe uko chuoni, ng'ombe wa Mama Neema akavimba. Yule mwekundu, mwenye maziwa, aliyekuwa anawalisha watoto wa Lameck. Neema akanijia mbio: "Bibi, mtoboe." Nikasema nimeapa, siwezi. Akapiga magoti akanishika miguu. Nikasimama mlangoni nimekunja mikono namna hii, nikamwangalia. Bwana mifugo hapatikani. Ulimi ukatoka. Macho yakageuka. Ng'ombe alipiga kichwa chini, mara anagonga, mara anagonga, kama anabisha hodi, na mimi nimesimama na kiapo changu kizuri. Kisu kilikuwa juu ya kichwa changu, ningenyoosha mkono. Akafa ameniangalia.

Mama Neema alikuja akanizaba kibao. Mkwe, ananizaba mimi. Akasema, "Umemuua mume wangu kwa kutoboa, na ng'ombe wangu kwa kutotoboa. Sasa unataka nini kwetu?"

Sikumrudishia. Ni mara pekee katika maisha yangu. Ndiyo maana ule mwezi ulipokuja likizo ulitukuta hatuongei, nikakuambia tumegombania kuku.

Kwa hiyo jana uliponyanyua soda nikaliona lile dume langu la kiburi limesimama ndani ya macho yako. Unadhani unakwenda kulipa. Unadhani Lameck ni deni la plastiki. Wewe ulileta mwanga na ukatoa maelekezo na ukawa kwenye mtihani. Hayo ndiyo makosa yako yote, nimeyatafuta usiku na mchana sijaona lingine. Lakini kama nakujua, hunisikii, maana umetoka kwangu. Utaichaji hii hasira yako kila jioni huko kwenye baridi, taratibu, mpaka itokee upande wa pili. Basi sikuombi uiache. Nakuomba kitu kingine, nacho si cha kujadili.

Kisu nilitaka nikupe uende nacho. Neema akaniambia uwanja wa ndege watakunyang'anya, tena watakuhoji bibi yako ni mtu wa aina gani. Kwa hiyo kinabaki kwangu. Nimeshakitoa kwenye kitambaa. Nimekinoa. Tangu ng'ombe yule afe nimewatoboa wawili wa majirani, mmoja kasimama, mmoja kafa, na usiku wa yule aliyekufa nililala usingizi wangu.

Uliniambia huko kwenu betri mpya hujaribiwa kwa kupigiliwa msumari, waone kama itawaka. Nilinyamaza uliposema hivyo, ukadhani nimeumia. Nilikuwa nafikiri: wanalipa watu kufanya kazi yangu.

Sasa sikia. Ukipata likizo, ya kwanza, usingoje mpaka ifae, unakuja. Unaniletea umbo lolote la betri ulilonalo, bovu, baya, lililolala, la ngozi ya uji. Kama hawaruhusu kwenye ndege, njoo utengeneze hapa chuoni kwenu. Nitachimba shimo nyuma ya zizi, mbali na mbuzi, niweke na mchanga ndoo mbili, maji nimeshajua hayafai. Kisu nitakifunga kwenye mti mrefu. Mama Neema nimemwambia, amesema atakuja kuangalia, na ni neno refu kuliko yote aliyoniambia mwaka huu. Wewe utasimama kando yangu, utaniambia upande, maana safari hii nitauliza. Nami nitachoma mpaka mpini.

Isipowaka, utakwenda mwenyewe kumwambia Lameck pale kaburini, mimi miguu inauma. Ikiwaka, imewaka. Tutakaa juu ya mawe tuitazame inavyoungua mpaka iishe, halafu utaingia ndani usonge ugali wa uwele, tule, na ukimaliza likizo urudi ukatengeneze nyingine. Utakuja hivyo kila mara. Nitachimba mashimo mpaka zizi lihame.

Uso upake mafuta ya ng'ombe kabla hujalala, yako kwenye kibuyu karibu na mlango wako. Nimeyaweka hapo mwenyewe wakati unakoga. Kovu la juu ya jicho usilipake, liache lionekane.

Ni mimi bibi yako, niliyekupiga. Nikifa kabla, kisu anacho Neema. Ameshajua upande.